Mtoto Amelala Garini: Je, Tumwache Dakika Mbili?

Kila mzazi mwenye gari anaijua hali hii. Mtoto amelia njia nzima kutoka Igoma, na sasa, gari linapokaribia Kirumba, usingizi umemchukua. Imebaki shughuli moja tu: kutoa fedha kwa wakala, au kununua dawa ya kikohozi. Duka liko hatua ishirini kutoka barabarani. Kumwamsha mtoto ni kama kumwonea, na kumwacha ni dakika mbili tu.

Nyumbani kwetu suala hili limezungumzwa mara nyingi, wala hatukuwa na rai moja tangu mwanzo. Mmoja wetu aliona kuwa hofu hii imeletwa na runinga kutoka nchi za mbali. Mwanza, alisema, ina upepo wa ziwa, watu wanafahamiana, na mtoto aliyelala hahitaji kitu. Mwenzake akamjibu kwamba upepo wa ziwa ni neema isiyo na shaka, ila haupenyi kwenye kioo cha gari.

Tukaanza na hilo la joto. Mwaka 2005 jarida la tiba ya watoto la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti ulioongozwa na Catherine McLaren, uliopima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwa saa moja, joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi juu ya joto la nje, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Hapa kwetu joto la mchana hufika nyuzi 28 hivi, na hewa tunaiona nzuri. Lakini ongeza hizo 22, upate nyuzi 50. Aliyekulia kati ya mawe ya Mwanza hashangai sana: ameshawahi kukalia jiwe jioni, baada ya jua kuzama, akalikuta bado lina moto wa mchana.

Mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara tatu hadi tano kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Hawezi kujifungua mkanda wala kufungua mlango. Na lililotutia hofu zaidi ni hili: anayezidiwa na joto huishiwa nguvu na kunyamaza. Anayechungulia kupitia kioo humwona amelala, kama alivyomwacha.

Tuseme kwa uadilifu: dakika mbili zikiwa mbili kweli, na gari likiwa kivulini, wengi hurudi na kumkuta mtoto salama. Lakini nani anazimiliki dakika hizo? Kwa wakala mtandao husumbua, nawe umeshatoa kitambulisho, unaambiwa subiri kidogo. Kwenye duka la dawa kuna watu watano mbele yako. Mwaloni ukishuka kununua sato, bei ya kwanza si bei ya mwisho, na mara unakutana na jamaa hamjaonana tangu Idi. Kivuli cha mwarobaini nacho husogea kufuata jua. Ufunguo hujifungia ndani. Na ukiacha injini ikiunguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, umemwekea mwizi gari na mtoto kwa pamoja.

Kule Marekani, ambako mambo haya huhesabiwa, zaidi ya watoto 900 wamekufa kwa joto ndani ya magari tangu mwaka 1998. Zaidi ya nusu yao walisahauliwa na watu waliowapenda, na takriban robo waliingia wenyewe garini kucheza. Lakini takriban mmoja kati ya watano aliachwa na mtu aliyejua kuwa anamwacha. Hatudhani kwamba wote hao walikuwa wazazi waovu. Wengi huenda walikuwa na haraka tu, kama sisi.

Dini yetu haikutuacha bila mwongozo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Ikiwa ngamia hufungwa, itakuwaje kwa mtoto? Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab: akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Na alikuwa akianza swala akitaka kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuihurumia roho ya mama yake. Ikiwa swala ilimpa nafasi mtoto, hatuoni ni shughuli gani ya dukani isiyoweza kumpa nafasi.

Hata sheria ya nchi inakwenda upande huo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto asipuuzwe wala asiwekwe katika hatari.

Hapo rai zetu zikakutana. Tukiwa wawili, mmoja hushuka na mwingine hubaki, milango ikiwa wazi. Aliye peke yake humfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, hata akiamka na kulia, au shughuli huahirishwa. Bibi zetu walikwenda sokoni na kisimani na watoto mgongoni. Wazo la kumwacha limekuja na gari. Na gari likiwa uani hufungwa daima, ufunguo ukawekwa juu, kwa kuwa watoto hupenda kucheza humo.

Lakini ndugu zetu, tusiishie kumlaumu mama. Mama anayeshuka peke yake na mtoto anayelia, mkoba begani na foleni mbele yake, hutazamwa kwa jicho la kukerwa. Jicho hilo ndilo humfanya siku nyingine aone afadhali amwache mtoto garini. Muuza duka amhudumie kwanza, au ampelekee dawa mlangoni mwa gari. Walio kwenye foleni wampishe. Misikitini tusiwakunjie nyuso wanaokuja na watoto, na sisi tumesoma habari ya Umama.

Nawe ukipita na kumwona mtoto peke yake ndani ya gari lililofungwa, usiseme si wako. Simama, gonga kioo, mtafute mwenye gari, ita watu. Ukimwona amelegea wala haitiki, vunja kioo kilicho mbali naye, mtoe, mpeleke kivulini, mpoze kwa maji, na mfikishe hospitali. Kioo hununuliwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie kuwa wachunga wema wa amana aliyotukabidhi. Amin.