Uko Ndani?

Tangu nistaafu nimesahau mengi ya thieta, lakini swali moja bado nalisikia kwa sauti ya daktari wetu wa usingizi: "Uko ndani?" Alimwuliza daktari wa upasuaji kila mara, kamera ikiwa bado haijaona kitu.

Katikati ya miaka ya 1990 hospitali yetu ilipata mashine ya kupasua kwa matundu madogo. Wageni waliokuja kuitazama walistaajabia televisheni. Sisi tuliovaa glavu tulijua hatari imekaa kwenye zile dakika za mwanzo, televisheni ikiwa nyeusi. Lazima kwanza tumbo lijazwe gesi ya kaboni dioksidi, ukuta wake uinuke na kuachana na utumbo. Na tundu la kwanza, kwa jinsi tulivyofundishwa, hutobolewa bila kuona.

Mzee, ndivyo tulivyomwita daktari wetu bingwa, alitumia sindano ya Veress. János Veress, daktari wa Hungaria, aliitengeneza miaka ya 1930 ili kuingiza hewa kifuani kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Ndani yake mna ncha butu yenye springi: ikigusa nyama ngumu hurudi nyuma, ikivuka huchomoza na kukinga kilicho mbele. Mzee aliishika kama kalamu, akaichoma kitovuni huku ameuinua ukuta wa tumbo kwa mkono wa kushoto. Tik ya kwanza, utando mgumu wa misuli. Tik ya pili, utando wa ndani. Nilimdondoshea tone la maji ya chumvi mdomoni mwa sindano. Likifyonzwa, uso wake ulilegea. Kisha macho yote kwenye kipimo cha gesi: presha ikianza chini ya 10, tunaendelea.

Halafu ikaja trokari, chuma chenye ncha ya pembe tatu kinachosukumwa kwa kiganja. Hapo nilikuwa nabana pumzi, na niliibana kwa miaka mingi.

Daktari wetu kijana aliporudi masomoni, hakuitaka ile sindano. Alifuata njia ya Harrith Hasson, daktari wa wanawake wa Chicago aliyeieleza mwaka 1971: unakata kidogo kitovuni, unapanua, unaona utando kwa macho yako, unaufungua, ndipo unapitisha bomba butu na kulifunga kwa nyuzi gesi isivuje. Wakati wa chai walibishana vikali. Mzee alisema njia hiyo inachelewesha na gesi inavuja pembeni. Na kweli, kwa mgonjwa mnene lile tundu dogo lilikuwa kama kisima. Kijana alijibu kwa adabu kwamba asichokiona hakichomi. Walichokubaliana ni kimoja: mama mwenye kovu la upasuaji katikati ya tumbo asiguswe kitovuni, kwa kuwa utumbo huenda umegandamana hapo. Huyo alitobolewa chini ya mbavu za kushoto, kwenye nukta ya Mfaransa Raoul Palmer, tumbo lake la chakula likiwa limeshamwagwa kwa mpira.

Siku moja alikuwapo mezani kwa Mzee binti mwembamba mwenye uvimbe kwenye ovari. Kwa mtu mwembamba, mshipa mkuu wa damu, ambao hugawanyika karibu na usawa wa kitovu, uko sentimita chache tu chini ya ngozi. Tik, tik. Tone likafyonzwa. Gesi ikaingia vizuri. Trokari nayo ikaingia kirahisi, kirahisi mno. Kamera ilionyesha damu kidogo tu, tukadhani ni ya ngozi.

"Presha inashuka," daktari wa usingizi akasema. Mara ya pili hakusema, alipiga kelele. Damu ilikuwa inajaa nyuma ya utando wa mgongoni, mahali kamera haifiki.

"Sista, kisu kikubwa."

Mzee alifungua tumbo lote na kuukandamiza mshipa kwa ngumi. Kijana alikuja mbio kutoka thieta ya pili, wakashona pamoja bila kusemezana. Damu ya kuongeza haikutosha. Wenzetu wawili walitoka kwenda kutoa yao. Binti alipona.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba kila kipimo chetu kilisema kweli. Sindano ilikuwa mahali pake. Trokari ndiyo iliyopitiliza. Tafiti zilizokusanywa baadaye hazikuweza kuonyesha njia ipi inaepusha zaidi majeraha makubwa, kwa sababu majeraha hayo ni haba na yangehitaji wagonjwa wengi mno kuyalinganisha. Naliheshimu jibu hilo. Lakini mimi nilisimama pale, na kama angekuwa binti yangu ningeomba akatwe polepole, kwa macho.

Wiki mbili baadaye nilipanga meza ya Mzee kama kawaida, sindano ya Veress ikiwa ya kwanza. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Leo nipe kisu kidogo, Sista. Na zile ndoano nyembamba."

Kijana alisimama upande wa pili akimshikia. Ilichukua muda. Utando ulipofunguka, Mzee aliingiza kidole, akakizungusha taratibu, akainua macho kumtazama daktari wa usingizi kabla hajaulizwa.

"Niko ndani," akasema.