Mtungi wa Akiba

Mtungi wenyewe ulikuwa nyuma ya mlango wa stoo, umefunikwa gunia, na juu ya gunia mama aliweka ungo. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeugusa ila kwa ufagio. Wajukuu waliambiwa wasicheze upande ule wala hawakuambiwa kwa nini. Februari 2024, siku chache baada ya moto wa gesi wa Embakasi, nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi nikarudi nyumbani Chaani, Mombasa, kwa ajili ya mtungi ule tu.

Mama alikuwa akiuza mahamri asubuhi na viazi vya karai jioni. Nilipokuwa mdogo alipikia makaa, na mvua ikinyesha akahamia ndani na stovu ya mafuta taa, ambayo ilitutoa machozi sote. Mtungi wa kwanza uliingia nyumbani mwaka 1986, na aliyeuleta ni mjomba. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kile kilichofunguliwa 1963. Usiku, kutoka barazani kwetu, tuliuona mwali wa mnara wake ukiwaka juu ya mapaa, nasi tukilala kwa mwanga huo kama watu wengine wanavyolala kwa mbalamwezi. Gesi ya kupikia ilikuwa inatoka palepale, mwendo wa miguu kutoka kwetu.

Siku hiyo mjomba hakuuwasha moto. Alivuta kibao, akaketi, akamwita mama, akaniita na mimi, akaanza kutufundisha. Alisema gesi hii yenyewe haina harufu. Uvundo tunaousikia ni dawa iliyotiwa makusudi ili pua ishtuke. Alisema ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi kama moshi, inatambaa chini kama maji, inaingia chini ya kitanda na kwenye mtaro, inangoja. Ukiisikia fungua mlango na madirisha, na taa usiiguse, si kuiwasha si kuizima. Akatuonyesha kwenye kola ya mtungi namba zilizogongwa kwa chuma: uzito wa mtungi ukiwa mtupu, na tarehe ya kupimwa. Akasema ndani mna kimiminika, na mtungi haujazwi hadi pomoni. Juu huachwa nafasi, karibu fungu moja kati ya matano, kwa sababu kimiminika hiki kikipata joto hufura, na kikikosa pa kufuria kitaupasua mtungi.

Mama hakusoma sana, lakini hakusahau hata neno. Kila mtungi ulipoingia alichukua kibakuli chake cha enameli chenye ukingo wa buluu, akakoroga sabuni ya kipande hadi ikatoa povu zito, akachovya mswaki mkuukuu, akaanza kupaka. Kwanza shingoni, mahali vali inapoingia kwenye mtungi. Kisha regulata ikishabanwa, akapaka pale inapokutana na vali. Kisha mpira wote, mpaka kwenye jiko. Halafu alichutama akautazama, midomo ikihesabu kimyakimya. Povu lililotulia hakuwa na habari nalo. Lakini likianza kuzaa, kitone kikitoa kitone, alisema, "Hapa pana pumzi," na mtungi ulirudi ulikotoka siku hiyohiyo. Kujua gesi imebaki kiasi gani alimwagia maji moto ubavuni kisha akapitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Palipo na mvuke pana joto, na palipo na kimiminika pana baridi, na mpaka wake unausikia wazi kwa ngozi. Hakuwahi kuulaza mtungi ili kukamua tone la mwisho, ingawa majirani walifanya hivyo, wakipeleka kimiminika kwenye regulata isiyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Siku hizo kila kampuni ilikuwa na rangi yake na vali yake. Ukinunua mtungi wa kampuni fulani umeolewa nayo. Regulata yako haiingii kwenye mtungi wa mwingine, na ukihamia mji ambao kampuni yako haiko, mtungi unageuka stuli. Hilo lilituumiza. Gesi ilipoadimika mama alikodi mkokoteni hadi Magongo, akaambiwa rudi kesho, na kesho akaambiwa vivyo hivyo, huku duka la pili limejaa mitungi ya rangi nyingine. Ndiyo maana mwaka 1991 alijinyima akanunua mtungi wa pili wa kilo 13. Huo aliuita akiba.

Hata hivyo, kulikuwa na jambo jema ambalo hatukulithamini hadi lilipotutoka. Mtungi uliorudishiwa dukani haukuwa uleule uliopeleka, lakini ulikuwa wa ukoo mmoja. Kampuni iliyoujaza ndiyo iliyoununua, ndiyo iliyoupaka rangi, na jina lililoandikwa tumboni ni la mtu unayeweza kwenda kumgongea mlango.

Kanuni za mwaka 2009 ziliivunja ile ndoa. Mitungi midogo ya nyumbani, pamoja na ya kilo 6 na 13, ikatakiwa iwe na vali ya aina moja, na kampuni zikatakiwa zipokee mitungi ya wenzao. Peleka mtungi wowote, chukua mtungi wowote. Mama alifurahi, na nilifurahi naye, maana nia ilikuwa njema na mateso ya Magongo nilikuwa nimeyashuhudia kwa macho yangu. Mwaka 2010 aliutoa mtungi wake wa 1986, akapewa wa vali mpya. Wa akiba aliubakiza, kwa kuwa ulikuwa na gesi kidogo, na kwa kuwa ni wa akiba.

Miaka miwili haikupita tukaanza kuona kutu. Fikiria uko upande wa mwenye kampuni: mtungi ukishauuza leo, kesho uko kwenye ghala la mshindani wako, nawe umeletewa wa mtu usiyemjua. Utatumia fedha gani kuupiga msasa, kubadilisha raba ya vali, kuupeleka kupimwa, ili wiki ijayo umfaidishe mwingine? Mitungi mizuri ilifichwa na mibovu ndiyo iliyozunguka. Na huku kwetu pwani hewa ya chumvi haisubiri. Inaanzia kwenye pete ya chini, maji yanapotuama, mahali ambapo mnunuzi hapindui kuangalia.

Alfajiri moja ya mwaka 2012 nilikuwa nyumbani likizo. Jioni iliyotangulia kijana wa duka alikuwa ameleta mtungi kwa bodaboda, ameulaza nyuma ya kiti. Lakiri ya plastiki ilikuwapo. Rangi ilikuwa mbichi, lakini imepakwa juu ya kutu, ukiigusa inabanduka kama magamba ya samaki. Pete ya chini ililiwa upande mmoja, mtungi ukawa unayumba. Mama hakuupenda, ila unga ulikuwa umeshakandwa.

Saa kumi na nusu usiku alibana regulata. Sikusikia kitu, nilisikia harufu. Povu lilichemka pande zote za vali. Aliing'oa regulata, na hapo vali ilipaswa kujifunga yenyewe. Haikujifunga. Kile kipini cha ndani kilikwama chini, na gesi ikatoka kwa mluzi mkali uliojaza jiko zima. Nilinyoosha mkono ukutani. "Taa usiguse!" Sijawahi kumsikia mama akipaza sauti namna ile, kabla wala baada. Akaniambia niende uani nikamwambie mama wa jirani aliondoe jiko lake la makaa, sasa hivi, alipeleke upande wa barabara upepo unakotoka. Niliporudi alikuwa ameshika vishikio vya kola kwa kanga. Tukaunyanyua mtungi wima, yeye huku mimi huku, tukaupitisha mlango wa nyuma hadi kiwanjani penye mkungu, tukauacha tukarudi nyuma.

Ulipuliza mpaka jua likachomoza. Kulipopambazuka niliona kitu ambacho mpaka leo kikinijia usiku huamka: shaba ya vali ilikuwa imeganda barafu nyeupe, Mombasa, katika joto la kutoa jasho, na chini yake majani yamekauka kama yaliyopigwa na ugonjwa. Unga ulichacha, mahamri hayakuuzwa siku hiyo. Mama alipokwenda dukani, mwenye duka hakumkatalia. Alimwambia, "Mama, hata mimi nimeletewa hivyo hivyo." Nadhani alisema kweli, na ndicho kilichonikera zaidi, kwa sababu hapakuwa na mlango wa kwenda kugonga.

Tangu siku ile mama aliapa mtungi wa akiba hautoki. "Ule naujua," alisema. Lakini kampuni iliyokuwa ikiujaza ilikuwa imeuza shughuli zake na kuondoka nchini, regulata yake haikupatikana tena madukani, na duka lolote ulilopeleka lilitikisa kichwa. Mtungi ukawa yatima. Akaufunika gunia.

Mwaka uliofuata kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta na mwali wetu ukazimika. Gesi ikawa inakuja kwa meli, inahifadhiwa Miritini. Meko, ile mitungi ya kilo 6 yenye jiko kichwani, ikaingia kila chumba cha kupanga. Mwaka 2016 kodi ya VAT iliondolewa kwenye gesi, na Julai 2021 ikarudishwa, asilimia 16. Bei ilipopanda, wajazaji wa vichochoroni walipata soko: mtungi mkubwa unapinduliwa kichwa chini, mpira unaunganishwa kwenye mdogo, na kadirio ni mkono wa mtu, bila mizani, wakati mwingine bila kubakiza ile nafasi aliyotufundisha mjomba. Kanuni mpya za 2019 zilikuwa zimeshaondoa ule ubadilishanaji wa lazima na kumrudishia mwenye chapa mzigo wake: usijaze mtungi wa mwenzio bila ridhaa yake ya maandishi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sheria iliyostahili kuja pamoja na vali moja tangu mwanzo. Ilikuta mazoea ya miaka kumi.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 nilikuwa chumbani kwangu mtaa wa Pipeline, Nairobi. Mshindo ulikuja, madirisha yakatetemeka, na nje anga la Embakasi likawa la rangi ya chungwa. Gari la gesi lililipuka mahali palipokuwa pakijazwa mitungi bila leseni, katikati ya makazi ya watu. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa, wengine wakiwa vitandani mwao. Tulikaa barabarani na blanketi hadi asubuhi. Sikumuwaza mtu, nilikiwaza kile kilichokuwa nyuma ya mlango wa stoo ya mama.

Nilipofika Chaani nilianza kwa fundi wa juakali, anayekata mitungi mikuukuu kuwa majiko ya kuchomea nyama. Alikuja na mkokoteni, akauinua mtungi kidogo, akautikisa, akaurudisha chini polepole kuliko alivyouinua. "Dada, huu una kitu ndani. Siukati." Akaniambia hata ungekuwa mtupu asingegusa kabla ya kutoa vali, kuujaza maji hadi juu na kuuacha ulale na maji, kwani mvuke uliobaki kwenye kutu unatosha kumwondoa mtu. Hakutaka hata shilingi ya kuitwa.

Siku mbili nilipiga simu huku na kule. Kampuni iliyorithi shughuli za ile ya zamani ilikubali kuupokea kwenye bohari yake. Niliusindikiza kwa tuktuk, umesimama wima umefungwa kamba. Mfanyakazi wa pale, mtu wa makamo mwenye glavu hadi viwikoni, aliifuta kola kwa brashi ya chuma hadi namba zikaonekana, akauweka kwenye mizani, akatoa uzito mtupu, akanionyesha tofauti: kilo mbili na gramu mia mbili. Waliitoa gesi kwa kifaa chao wakaichoma kwenye bomba refu nje. Walifungua vali, wakaujaza maji, wakaupindua. Chini, ndani ya ile pete, palikuwa na shimo la kutu lenye upana wa sarafu, halijatoboka bado. Aliliwekea kidole akasema hakuna haja ya kuupima.

Nilimuuliza mtungi unapimwaje. Akanipeleka kwenye mwingine uliokuwa zamu yake: unajazwa maji, unasukumwa kwa pampu hadi shinikizo mara kadhaa ya lile la jikoni. Maji kwa sababu maji hayabanwi. Chuma kikishindwa, maji yanachuruzika tu, mtu anabaki na uso wake. Kisha wetu ukaingia kwenye mashine ya kubana, ukatoka bapa. Niliomba kipande cha kola nikanyimwa, kwa sababu kola yenye namba inaweza kuchomelewa mtungi mwingine. Niliridhika.

Mama alikuwa barazani niliporudi. Nilimweleza yote kwa mpangilio, naye akasikiliza mikono ikiwa mapajani. Alichouliza ni kimoja, ilibaki kiasi gani. Nikamtajia.

"Ningepikia siku nne," akasema.

Jikoni kulikuwa na mtungi mpya niliomnunulia njiani, una jina tumboni na tarehe inayosomeka. Aliinuka, akachukua kibakuli chake cha enameli, akaanza kukoroga sabuni.