Neno «dear» katika simu zetu

Wapenzi wasikilizaji, nanyi ndugu mulioko katika makambi na katika familia zilizowapokea, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nataka tuongee juu ya neno moja la Kiingereza: «dear». Linatamkwa «dia». Juma hili nimeitwa mara tatu kulisomea watu, na mara moja lilikuwa karibu kuvunja nyumba.

Sisi watu wa Kivu hatukusoma Kiingereza sana. Shuleni tulipewa Kifaransa, na Kiingereza masaa machache tu katika sekondari. Sasa kinatufikia kwa njia ya vita. Watoto waliovuka Bunagana wakafika Nakivale au Kyangwali, kule Uganda, wanasoma kwa Kiingereza. Waliopelekwa Marekani wanafanya kazi kwa Kiingereza. Mashirika nayo yanatuma ujumbe hivyo hivyo. Basi mzazi aliyebaki hapa anafungua simu na hajui kama anapendwa ama anaitwa ofisini.

Nianze na ile nyumba. Mume aliona katika simu ya mke wake «Dear», kisha jina la mke, na chini jina la mwanaume. Akamuuliza kijana mmoja wa mtaa maana yake. Kijana akajibu: «mpenzi». Usiku ule walikuja kwangu wote wawili, mume akishika simu kama ushahidi wa tribinali. Nikasoma. Mama alikuwa amejiandikisha kwa mafunzo ya ushonaji, na mwalimu anamwambia afike Jumanne na kopi ya karte ya uchaguzi. Hakuna kingine.

Yule kijana hakudanganya, kwa sababu neno lina maana hiyo pia. Lakini mwanzoni mwa barua «dear» ni adabu tu. Waingereza wanamwandikia hivyo hakimu, wanamwandikia hivyo hata mtu anayewadai pesa. Mimi mwenyewe nimewaita nyinyi hapo juu «wapenzi wasikilizaji», na sijasikia mume aliyezima redio kwa wivu. Lakini nikimwita mke wa mtu mmoja tu «mpenzi», hata mbele ya mikro, tutaitwa kwa chifu wa kata. Ndiyo maana kwenye barua afazali kutafsiri «mpendwa», si «mpenzi».

Wale waliosoma Kifaransa wafikiri neno «cher». Ukiandika «Cher Monsieur» haumtongozi yule bwana. Na sokoni ukisema «c'est cher», unalia juu ya bei. «Dear» nalo linabeba mizigo hiyo miwili tangu zamani: mtu wa samani moyoni, na kitu cha bei kali. Maana hii ya bei utaisikia zaidi kwa Waingereza kuliko kwa Wamarekani. Hata «ghali» letu lilitoka kwa Waarabu, na kwao mtu mnayependana naye ni ghali vile vile. Sisi tulichukua upande wa soko tu!

Angalia basi neno limekaa wapi. «My mother is dear to me»: mama yangu ana samani kubwa kwangu. Hapo ni pendo kweli, hakuna adabu ya ofisi. «A dear friend» ni rafiki wa moyoni. «My dear», ikitoka kwa mzee, ni kama tunavyosema «mwanangu» kwa mtoto tusiyemzaa. Ikitoka kila asubui kwa mkubwa wa kazi akimwandikia binti mmoja tu, binti ana haki ya kuuliza ni adabu gani hiyo. Na «oh dear!» haimwiti mtu yeyote; ni «mama weee!» yetu, mtungi ukianguka.

Mara ya pili niliitwa na baba mmoja aliyekimbia toka Rutshuru. Ujumbe wake ulianza «Dear beneficiary», ni kusema mpendwa mwenye kupewa msaada. Jina lake halikuwemo. Uliendelea kwamba amechaguliwa kwenda Kanada na familia yake, atume dola 50 kwa simu ili dosie isonge. Alikuwa amekwisha kukopa 30. Nasema wazi kwa wote wanaonisoma: HCR hailipishi mtu hata franka moja kwa kumpeleka inchi nyingine. Tena njia ile ni ya wakimbizi waliovuka mpaka, si ya sisi tuliohamishwa ndani ya inchi yetu. Anayekuita mpendwa bila kujua jina lako, kisha anaomba pesa, anapenda pesa. Baba alirudisha zile 30 siku ile ile. Alikuwa na uchungu, lakini si kwangu.

Mara ya tatu ilikuwa barua ya Msalaba Mwekundu, zile zisizofungwa, za habari za familia tu. Mama wa Masisi alikuwa ameipokea toka kwa binti yake aliye Nakivale. «Dear Mother», ndivyo ilivyoanza. Mama aliniuliza kwa nini mtoto hamwiti tena «Mama». Kwetu hatuweki sifa mbele ya jina. Undugu wenyewe ndio sifa. Ukisema «yaya» au «mudogo wangu», pendo limekwisha kuingia. Nikamweleza kwamba mtoto ameandika vile alivyofundishwa darasani. Kisha nikamsomea mwisho: «You are dear to me.» Nikamtafsiria polepole. Akaniomba nirudie.

Alipotaka kujibu, habari zilikuwa nyingi: mbuzi aliyezaa, shangazi aliyepona, kitenge cha binti ambacho bado anakitunza. Yote hayo niliandika kwa Kiswahili. Lakini neno la kwanza alilitaka kwa Kiingereza, na kwa mkono wake. Alichukua bic, akaandika kwa herufi kubwa «MY DIA», kisha jina la mtoto. Sikumsahihisha. Binti anajua kusoma sauti ya mama yake.