Chumba Kinachokaribisha

Mwaka jana nilimpeleka baba yangu mkahawani, mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi. Taa zilikuwa hafifu, vioo kila upande, viti virefu. Maji ya kunawa hayakuonekana. Baba alikuwa mtoto kabla ya 1960, mji ulipoitwa Élisabethville na mikahawa ya Wazungu haikumpokea Mwafrika. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mshtakiwa barazani. Hakula. Moyoni nilimkasirikia, leo najuta.

Jumapili iliyofuata tuliingia mkahawa mwingine: birika na beseni mlangoni, meza ya duara, madirisha wazi. Bukari na sombe viliwekwa katikati. Baba alinawa, akamega, akacheka. Chakula hakikuwa bora kuliko kile cha kwanza. Chumba ndicho kilichomkaribisha.

Basi, ndugu, upangapo meza, hata nyumbani, jiulize: mgeni wangu atajiona nani hapa?