Bure Juu ya Bure

Mwaka 2006 steshenari za katikati ya Mwanza, kuanzia Barabara ya Kenyatta hadi Makoroboi, zilikuwa zimejaa kompyuta za mtumba zenye Windows XP, na sikumbuki kuona risiti ya leseni hata moja. Fundi alitembea na CD iliyonakiliwa ndani ya mkoba begani mwake, namba ya kuifungulia ikiwa imeandikwa juu yake kwa kalamu, na pesa aliyodai ilikuwa ya kazi, si ya programu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu 1999, lakini ukitaja COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, watu walifikiria kanda za muziki.

Ndiyo maana habari ya programu huria ilianza vibaya kwetu. Nilikuwa mchapaji kijana, nimesikia kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliosaidiwa na Waswidi, kimetoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Nikamwendea bosi wangu, mama wa Kisukuma asiyependa maneno mengi. "Mama, kuna programu ya bure."

"Kwani hii tunailipia?" akaniuliza, akarudi kwenye fotokopi yake.

Hakukosea. Hoja ya bei, iliyowatikisa wahasibu wa Ulaya, hapa haikuwa na pa kushika. Menyu za Kiswahili nazo, nilizozitetea kwa moyo wote, ziliwachelewesha wenzangu. Walikuwa wamekariri mahali pa kila kitufe kwa Kiingereza, hata wale wasiokijua Kiingereza chenyewe, na mteja anayesubiri barua ya kuomba kazi hataki kukuona ukitafuta pa kubofya.

Kilichogeuza mambo ni virusi. Mwalimu wa sekondari analeta mtihani wa majaribio kwenye flashi ambayo imeshapita internet kafe, ofisi ya kata na kwa shemeji yake Nyegezi. Ukiichomeka na kuifungua, folda zote zimekuwa njia za mkato, mtihani hauonekani, na mashine yako nayo imeshaambukizwa. Vingi vya virusi hivyo vilitumia kijifaili cha autorun, ambacho Windows ya wakati ule ilikitii kirahisi. Antivirusi ilitaka kusasishwa kila mara, na intaneti yetu ilikuwa ya dishi la setilaiti, ghali na ya kusuasua. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Sisi wa ziwani tulisubiri zaidi.

Miaka hiyo Ubuntu, aina ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma CD kwa posta bila malipo popote duniani. Unaomba, unasahau, kisha unakuta bahasha kwenye sanduku la posta. Kuipakua kwa intaneti yetu ilikuwa ndoto: CD nzima ni karibu MB 700. Niliisimika kwenye mashine moja ya pembeni ambayo bosi aliiona ni ya kutupa.

Flashi ikichomekwa pale, kila kitu kilionekana: mafaili yaliyofichwa, njia za mkato za uongo, na kirusi chenyewe kimelala hapo hakina la kufanya, maana kiliandikwa kwa ajili ya Windows. Unakifuta, unamrudishia mwalimu mtihani wake. Habari zikaenea, watu wakaanza kutoka Igoma na Buzuruga na flashi zao mkononi, na mama akabandika karatasi mlangoni yenye bei. Programu ya bure ikaanza kuingiza hela, na tangu hapo sikuhitaji kumshawishi tena.

Sisemi kazi yote ilihamia huko. Kadi za harusi zilichorwa kwa Publisher, na hizo hazikufunguka kwetu kabisa mpaka LibreOffice 4.0 ilipotoka Februari 2013. (LibreOffice ni kazi ya watu wale wale wa OpenOffice waliojitenga 2010, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun, iliyokuwa mmiliki wa OpenOffice.) Barua iliyopangwa vizuri kwetu ilivurugika kwa jirani, kwa sababu ya fonti, hadi zilipopatikana fonti za Liberation, zilizotolewa 2007 zikiwa na upana ule ule wa Times New Roman na Arial. Wachora mabango hawakutaka hata kusikia. Kwao CorelDRAW ndiyo kazi yenyewe.

Huku sisi tukibishana kuhusu barua, programu huria ziliingia kwa milango ambayo sikuwa nimeitazama. Takwimu za MTUHA, yaani taarifa za huduma za afya, kutoka zahanati zikaanza kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Upande wa Mara, wanakijiji na watu wa kujitolea wakaanza kuchora vijiji kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ili wasichana wanaokimbia kukeketwa waweze kufikiwa. Vibanda vya video navyo vilikuwa na VLC, kwa sababu moja tu: inafungua karibu filamu yoyote. Hakuna aliyehubiriwa.

Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za mtumba hazina sifa za kupokea Windows 11. Mpwa wangu, mwenye steshenari yake Nyegezi, amenipigia.

"Mjomba, ile Linux yako inaweza kukaa kwenye hizi za zamani?"

Nikamwambia inaweza, tena vizuri. Swali lake la pili lilikuwa la kadi za harusi, ambazo yeye huzichora kwa CorelDRAW: je, itafunguka? Programu yenyewe haitafunguka, nikamjibu. Inkscape, programu huria ya kuchorea, inasoma baadhi ya mafaili yake, mengine yanatoka yamepinda. Akasema basi mashine moja ya kadi ataiacha kama ilivyo, na intaneti ataichomoa.