Laga za Sangailu na Njia za Maji Yake

Msafiri atokaye Garissa kwenda Sangailu hufuata upande wa mashariki wa Mto Tana kwa mwendo mrefu, kisha huuacha mto nyuma yake na kuingia nchi ya Ijara. Huko nchi ni tambarare kama ukumbi uliosakafiwa. Mbele yake ni Hulugho na mpaka wa Somalia. Kusini ni msitu wa Boni. Wenyeji ni Wasomali wafugao ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, pamoja na Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer.

Mkulima wa Nyeri au Kirinyaga aliyezoea mito isiyokauka akionyeshwa laga kwa mara ya kwanza hudhani anafanyiwa mzaha. Asitazamie kuona genge refu lenye mawe pande zote mbili. Ataona mkondo mpana wa mchanga au wa udongo mweusi uliopasuka, na migunga imesimama kandokando, na pengine mbuzi wamelala katikati. Mwaka waweza kupita, hata miaka mitatu, maji yasionekane. Lakini mvua ya Gu ikija mwezi wa Aprili, au ile ya Deyr mwezi wa Oktoba, na ikiwa nzito, mkondo huo hujaa kwa muda mfupi. Na maji si lazima yatoke kwenye wingu lililo juu ya kichwa cha mtu. Huenda mvua ilinyesha mbali, usiku, na asubuhi mbingu ni nyeupe, huku maji yanakuja.

Mto Tana una desturi nyingine. Gharika yake huanzia Mlima Kenya na Aberdare, hupita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo hufika Garissa. Mto hupimwa, na habari za kujaa kwa Masinga hutangazwa, hata mtu wa chini hupata nafasi ya kufunga virago. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya Garissa na Madogo, na mwishoni mwa Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali hapo ilipinduka na watu wakafa maji. Ikiwa mto wenye vipimo wafanya hivyo, laga isiyo na kipimo chochote yahitaji kutazamwa kwa macho zaidi.

Dawa inayosemwa sana siku hizi ni ramani: kuchora mahali maji yanapoweza kufika, ili watu wajue pa kujenga na pa kuepuka. Shauri ni jema. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha angani cha Wamarekani, Endeavour, kilizunguka dunia siku 11 kikipima kwa rada kimo cha sehemu kubwa ya nchi kavu, na vipimo hivyo hupatikana bure. Tangu mwaka 2014 setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1 nazo hupiga picha za rada zinazopenya mawingu, zikaonyesha maji yaliyotanda chini.

Lakini Sangailu si nchi ya milima. Vipimo vya mwaka 2000 huweza kukosea kwa mita kadhaa, na rada mara nyingi hupima vilele vya vichaka badala ya ardhi yenyewe. Katika bonde la Elgeyo kosa la mita tatu si kitu. Katika uwanda wa Ijara, ambako kina cha maji ya gharika huenda kisizidi kiuno cha mtu, kosa hilo ni kubwa kuliko gharika yenyewe. Mchoraji aliyeketi Nairobi, hata awe stadi namna gani, aweza kuipitisha laga mahali isipokuwapo, na kuliandika dimbwi kuwa ni kilima. Nazo picha za Sentinel haziyaoni vizuri maji yaliyofichwa chini ya kichaka kizito, na vichaka huko ni vingi.

Kwa hiyo hapana budi laga itembelewe kwa miguu, pamoja na wazee. Takataka zilizonaswa katika matawi ya migunga huonyesha maji yalipopanda. Mstari wa matope katika shina la mti hupimika kwa kamba. Tena Wasomali wafugaji wana desturi ya kuutaja mwaka kwa jambo lililotukia ndani yake, na hii ni daftari ambayo karani yeyote angefurahi kuwa nayo. Mzee akiulizwa maji yalifika wapi mwaka 1997, au mwaka 2006, ataonyesha mti. Wale wanaokumbuka mwaka 1961, mvua kubwa ilipoifuata njaa ya ukame, walikuwa watoto wakati ule. Leo ni wazee wa miaka 70 kwenda juu, nao wanapungua kila mwaka. Setilaiti za mwaka 1961 hazikuwapo za kupiga picha ya Sangailu. Ramani ya gharika hiyo imo vichwani mwao tu.

Kazi hii si rahisi. Tangu mwaka 2015, serikali ilipoanzisha operesheni ya Linda Boni juu ya Al-Shabaab, mpima hawezi kutembea upande wa msituni kama apendavyo. Lakini haja ipo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yataka ardhi ya namna hii ipimwe na kuandikishwa, na mpaka ukichorwa pasipo laga, mtu ataweza kupewa kiwanja kilicho njiani mwa maji, naye atajenga duka lake hapo kwa moyo mweupe, kwa kuwa miaka minne mchanga umekuwa mkavu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wachoraji wengi hulisahau. Katika nchi tambarare, maji yaliyosimama ni adui kama yale yaendayo kasi. Mayai ya mbu fulani hukaa katika udongo mkavu wa madimbwi miaka mingi, na gharika ikija huanguliwa pamoja. Ndivyo ilivyozuka homa ya Bonde la Ufa mwaka 1997 na 1998, na tena mwisho wa mwaka 2006, ilipoanzia Garissa na kuipiga Ijara vibaya. Watu zaidi ya 150 walikufa katika Kenya, mifugo ikaharibu mimba makundi kwa makundi, na biashara ya nyama ikasimama. Wafugaji huiita sandik, kwa ajili ya damu itokayo puani mwa mnyama.

Wachunguzi waliowahoji wafugaji hao baadaye walikuta kwamba tangu mvua kubwa kuanza hadi mbu kuwa wengi zilipita kama wiki tatu, na tangu hapo hadi mnyama wa kwanza kuugua wiki mbili na zaidi. Msaada wa idara ya mifugo ulifika karibu miezi miwili baada ya mnyama huyo wa kwanza. Wafugaji walikuwa wamekwisha kuona dalili zote kwa mpango wake, na madimbwi yenyewe waliyajua kwa majina, moja moja.