Utumbo na Maharage

Mwezi huu twataka kusema juu ya kitoweo ambacho wengi hukila na wachache hukitaja, nacho ni utumbo wa ng'ombe uliopikwa pamoja na maharage. Hapa Maisaka, mjini Babati, maharage hayatushindi, maana hulimwa pande zote zituzungukazo, pamoja na mbaazi. Nyama ndiyo itushindayo. Sisi tusomeshao chuo cha Kurani, wenye nyumba ya watu tisa, nyama ya mnofu twaijua siku ya Idi. Lakini utumbo twaumudu.

Lililotushikisha kalamu ni jambo la chuoni. Mtoto mmoja, yatima wa baba, alitaniwa na wenziwe kwa kuwa mama yake hununua utumbo kila Alhamisi. Walimwita kwa jina la kitoweo hicho hata asije chuoni siku tatu. Kisha tukapata habari kwamba mama yake amekoma kununua, na watoto wake wanne sasa wala ugali kwa mboga za majani tu. Hayo yalituuma sana. Watoto hao tulikwisha wasomesha kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Walihifadhi somo, wakaliacha mlangoni pamoja na viatu vyao!

Basi tukakata shauri lipikwe jungu moja kwa chuo kizima, na mama watoto akakubali kulisimamia.

Kazi kubwa ni kuosha, na hapa twaomba tusikilizwe vizuri. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama mnyama mwenyewe ni halali kuliwa. Kwa hiyo utumbo hupasuliwa, ukamwagwa uchafu wote, ukaoshwa kwa maji mengi hata yatoke meupe. Lile tumbo kubwa lenye manyoya, ambalo watu huliita taulo, hutiwa katika maji ya moto yasiyochemka, likakwanguliwa kwa kisu. Kile kipande chenye kurasa, kiitwacho kitabu, hufunuliwa ukurasa kwa ukurasa. Asiyekuwa na subira asikinunue. Mwisho husuguliwa kwa chumvi na ndimu, ukasuuzwa tena. Wako wapishi waachao ukijani kidogo kwa ajili ya ladha ya uchungu. Hao hatuwafuati, kwa maana najisi ikichemka chunguni mchuzi wote umeharibika.

Maharage hulowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa nguvu katika maji mapya, hasa yale mekundu, ambayo yakiiva nusu huumiza tumbo. Mama watoto, aliyezaliwa Tanga, alipofika huku alilalamika kwamba maharage ya Babati ni magumu. Si ugumu wa maharage peke yake: mji wetu u juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,300, na maji ya mlimani huchemka kabla ya kupata moto kama yale ya pwani. Mwenye haraka na aweke utumbo jikoni tangu asubuhi, pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, muda wa saa mbili au tatu. Nyanya zisitiwe mpaka maharage yamelainika, kwa kuwa ukali wake huyazuia kuiva. Ndipo hukaangwa vitunguu, nyanya, karoti na bizari, vyote vikakutanishwa katika jungu moja.

Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye ni baharia, alitusimulia kwamba alikula chakula hicho hicho katika bandari ya Santos, nchi ya Brazil, nao hukiita dobradinha. Wao hutia maharage meupe, na wengi huongeza soseji za nguruwe, ambazo sisi hatuna haja nazo. Asili yake ni Ureno. Watu wa mji wa Porto husimulia kwamba mwaka 1415, manowari zilipokuwa zikienda kuuteka mji wa Waislamu wa Ceuta, nyama yote ilipakiwa melini na wenyeji wakaachiwa matumbo. Hata leo huitwa walaji matumbo, nao hujivunia jina hilo. Nayo maharage yetu haya asili yake ni bara la Amerika. Kwa hiyo kitoweo cha yatima wa Maisaka kina jamaa ng'ambo ya bahari mbili, na hayo tuliwaeleza watoto wakiwa wameshika sahani.

Walikula wote. Mkubwa wa watani aliomba ukoko wa jungu, tukampa yule yatima kwanza. Alhamisi iliyofuata tulimkuta mama yake buchani akibishana na mwuzaji ampe kitabu, asimpe matumbo membamba matupu.